Kicheko Chenye Gharama: Maelezo juu ya Filamu ya "Project A" (1983)

1. Utangulizi

Katika masomo ya fasihi na sanaa za maonyesho, vichekesho huwekwa mara nyingi kwenye kiti cha nyuma. Tanzia huheshimiwa, utenzi wa mashujaa huhifadhiwa, lakini kile kinachochekesha huhesabiwa kuwa kitu cha kupitishia wakati, ambacho mtu akimaliza kukitazama hana haja ya kukifikiri tena. Hukumu hiyo huwa kali zaidi pale vichekesho vinapochanganyika na mapigano. Filamu za kungfu kutoka Hong Kong, ambazo zimetazamwa kwa wingi katika miji ya Afrika tangu miaka ya 1970, zimeitwa mchezo wa watoto, au hata chanzo cha ukorofi wa vijana, bila ya kuchunguzwa zimetengenezwaje na zinasema nini.

Makala haya yanachukua filamu moja tu, "Project A", iliyoongozwa na Jackie Chan na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Hong Kong mwezi wa Desemba 1983. Ni filamu nyepesi, ya mapigano na safari za hatari, ambayo mzazi anaweza kuitazama pamoja na watoto wake, na ambayo wakusanyaji wa filamu wanaendelea kuitafuta katika nakala zake mbalimbali. Yanayokusudiwa kuelezwa ni mambo matatu: kwanza, chimbuko la ufundi unaoonekana ndani yake, pili, namna kicheko chake kinavyoundwa, tatu, kwa nini suala la nakala na la lugha yake lina uzito kwa mtu anayeshughulika na lugha na utamaduni. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Filamu hii inaelea kwa wepesi mkubwa, na hiyo ndiyo sababu ya kuuliza iliundwa na nani na kwa gharama gani.

2. Kisa kwa ufupi

Kisa kinatokea Hong Kong wakati ilipokuwa koloni la Uingereza, karibu na mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Maharamia wanaoongozwa na San-po wanatamba baharini, na walinzi wa majini, ambao kazi yao ni kuwakamata, hawajafanikiwa hata kidogo. Mhusika mkuu ni Sajenti Ma, anayeitwa Dragon Ma katika matoleo ya kigeni, naye anachezwa na Jackie Chan mwenyewe. Kati ya walinzi wa majini na askari polisi wa nchi kavu pana ushindani wa siku nyingi, na ushindani huo unalipuka katika ugomvi mkubwa ndani ya kilabu cha pombe.

Meli za walinzi zinateketezwa kwa milipuko, na kikosi chao kinavunjwa. Ma na wenzake wanapelekwa kuwa polisi chini ya Inspekta Hong, kijana mkali anayechezwa na Yuen Biao. Baada ya kuona jinsi wahalifu wenye marafiki wakubwa wanavyokingwa, Ma anajiuzulu. Hapo anakutana na rafiki yake wa zamani, Fei, mwizi mwenye akili nyingi na maneno matamu, anayechezwa na Sammo Hung. Wawili hao wanaingilia biashara ya siri ya bunduki zinazokusudiwa kuwafikia maharamia, na kuanzia hapo kunafuata mbio za baiskeli katika vichochoro, mapigano katika nyumba ya chai na kuanguka kutoka mnara wa saa.

Mwishoni maharamia wanateka meli yenye abiria mashuhuri. Wakubwa wa serikali wanaelekea kukubali kutoa bunduki ili mateka waachiliwe. Ma anapinga, anaomba ruhusa ya kuwaokoa kwa nguvu, na kikosi cha majini kinarudishiwa uhai. Mpango wenyewe ndio unaoipa filamu jina lake. Ma, Fei na Hong, watu watatu waliokuwa hawaaminiani, wanaishia kupigana bega kwa bega dhidi ya San-po, ambaye nguvu zake zinawashinda mmoja mmoja, na hata wote watatu pamoja zinakaribia kuwashinda.

3. Chimbuko: shule ya opera

Wachezaji hao watatu hawakukutana kwa mara ya kwanza mbele ya kamera. Sammo Hung, aliyezaliwa 1952, Jackie Chan, aliyezaliwa 1954, na Yuen Biao, aliyezaliwa 1957, walilelewa katika shule moja mjini Hong Kong, iliyoongozwa na mwalimu Yu Jim-yuen. Shule hiyo ilifundisha opera ya Peking, sanaa ya jukwaani ambayo mchezaji wake hana budi kuimba, kuigiza, kucheza sarakasi na kupigana kwa silaha na kwa mikono mitupu. Baadhi ya wanafunzi walichukua jina la "Yuen" kutoka katika jina la mwalimu wao, na Yuen Biao ni mmoja wao.

Mapatano kati ya mzazi na mwalimu yalikuwa mazito. Jackie Chan aliingia shuleni akiwa na umri wa miaka saba hivi, chini ya mkataba wa miaka kumi, wakati wazazi wake walipokuwa wakienda kufanya kazi Australia. Mwalimu alimlisha mtoto, akamvisha na kumfundisha. Kwa upande wake alipokea mapato ya maonyesho ambayo mtoto alicheza, na alikuwa na haki ya kumwadhibu. Mazoezi yalianza alfajiri na kuendelea mpaka usiku. Fimbo ilikuwa sehemu ya mafunzo. Kusoma na kuandika kulipewa nafasi ndogo, na Chan ameeleza hadharani majuto yake kuhusu pengo hilo.

Ajabu ni kwamba wanafunzi walifuzu katika sanaa ambayo watazamaji wake walikuwa wakitoweka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, opera ya Peking haikuweza tena kuwalisha vijana hao Hong Kong. Mahali pekee palipohitaji miili iliyofundishwa kwa namna hiyo palikuwa ni studio za filamu. Wakaingia huko wakiwa watu wa kuanguka, wa kupigwa na wa kuvunja meza, majina yao yasiandikwe popote. Chan alikuwa mmoja wa watu wa namna hiyo katika "Fist of Fury" (1972), filamu ya Bruce Lee.

Kwa hiyo kile anachokiona mtazamaji katika "Project A" ni sanaa ya kale iliyohama nyumba. Jukwaa limekuwa barabara, na mkuki wa opera umekuwa baiskeli, kiti au ngazi. Isitoshe, hata mwendo wa mapigano una mdundo wa jukwaani: vitendo vya haraka, kisha kutulia kidogo kama sanamu ili mtazamaji aone umbo la mwili, kisha haraka tena. Mwanafunzi anayejiuliza jinsi sanaa za jadi zinavyoendelea kuishi baada ya jukwaa lake kufa anaweza kupata hapa mfano ulio wazi. Lakini asisahau swali la pili, lililo gumu zaidi: je, uzuri huo unahalalisha fimbo iliyouzaa? Filamu haijibu. Wanafunzi wa shule ile wenyewe wamezungumza juu ya mwalimu wao kwa heshima na kwa uchungu pamoja. Mwaka 1988 Sammo Hung aliigiza nafasi ya mwalimu huyo katika filamu ya "Painted Faces", ambayo inaonyesha upendo na ukali vikikaa katika mtu mmoja.

4. Kicheko na lugha ya watu

Historia ya lugha ina sehemu yake katika jambo hili. Wakazi wengi wa Hong Kong husema Kikantoni. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1970 filamu za Kikantoni zilikuwa karibu kutoweka kabisa. Studio kubwa zilipendelea Kimandarini, lugha iliyokuwa na soko pana zaidi na heshima zaidi, na watu wa mjini walitazama filamu za kwao katika lugha ambayo wengi wao hawakuitumia nyumbani wala sokoni.

Mabadiliko yaliletwa na vichekesho. Mwaka 1973 "The House of 72 Tenants", filamu iliyosimulia maisha ya wapangaji maskini, ilisemwa kwa Kikantoni na kupokewa kwa shangwe. Mwaka uliofuata Michael Hui alitoa "Games Gamblers Play", kichekesho cha mjini chenye misemo ya mitaani, chini ya kampuni ya Golden Harvest, iliyoanzishwa 1970 na Raymond Chow na Leonard Ho. Tangu hapo Kikantoni kilirudi kwenye sinema na kukaa. Sababu haikuwa ngumu: mtu anaweza kulia kwa lugha ya kujifunza, lakini ni vigumu kucheka nayo kwa moyo wote. Mzaha unategemea neno linalojulikana tangu utotoni, lafudhi ya jirani na tusi la kirafiki ambalo kamusi haina.

Jackie Chan alifuata njia hiyo. Baada ya kifo cha Bruce Lee, tarehe 20 Julai 1973, watengenezaji wa filamu walitafuta mrithi wake kwa bidii. Katika "New Fist of Fury" (1976) Chan alivalishwa joho la marehemu: uso wa hasira, kisasi, ushujaa usiotabasamu. Watazamaji hawakumkubali. Mafanikio yalikuja 1978, katika "Snake in the Eagle's Shadow" na "Drunken Master", pale alipoacha kuwa Bruce Lee wa pili na kuwa kinyume chake. Bruce Lee akipiga, adui huanguka. Chan akipiga, hushika mkono wake na kuupuliza kwa maumivu. Yule alikuwa shujaa anayestaajabiwa, huyu ni jirani anayehurumiwa. Msomaji wa ngano za Kiswahili atatambua hapa kitu kisicho kigeni: Sungura na Abunuwasi pia hawashindi kwa nguvu, bali kwa werevu, kwa bahati na kwa ujasiri wa kuchekesha.

5. Jinsi kicheko kinavyoundwa

Inafaa kutazama kwa karibu sehemu tatu za "Project A", kwa kuwa kila moja inaonyesha kanuni yake.

Sehemu ya kwanza ni ugomvi wa kilabuni. Ma na Inspekta Hong wanapigana vikali mbele ya wenzao, kila mmoja akijitahidi kuonekana hakuumia. Mara tu wanapojificha, kila mmoja upande wake, nyuso zinakunjamana na mikono inasugua mahali palipopigwa. Kisha wanajitokeza tena kwa majivuno. Kanuni ni hii: maumivu hayafichwi kwa mtazamaji, yanafichwa kwa adui tu. Mtazamaji anafanywa kuwa msiri. Kicheko kinatoka katika tofauti kati ya heshima ambayo mwanamume anataka kuonyesha na mwili ambao haukubali kudanganya.

Sehemu ya pili ni mbio za baiskeli. Ma anafukuzwa katika vichochoro vyembamba, naye anatumia kila kilichopo: ukuta, mlango, ngazi, kona, na baiskeli yenyewe. Hapa kanuni ni kwamba hakuna silaha iliyoletwa kutoka nje. Kila kitu kilichopo mtaani kina matumizi mawili, yale ya kawaida na yale yanayobuniwa wakati wa shida. Kamera inakaa mbali kiasi cha kuonyesha mwili mzima na mahali pazima, kwa sababu mzaha hauwezi kueleweka kama mtazamaji haoni umbali kati ya gurudumu na ukuta. Picha ikikatwakatwa mno, kicheko kinakufa.

Sehemu ya tatu ndiyo mashuhuri kuliko zote. Ma, mikono yake ikiwa katika pingu, anapanda mlingoti wa bendera, anaingia katika mnara wa saa na kupigana katikati ya magurudumu yenye meno ya mtambo wa saa. Mwishowe anajikuta nje, akining'inia kwenye mshale wa saa, juu sana kutoka ardhini. Nguvu zinamwishia. Anaachia, anaanguka zaidi ya mita 10, anapasua vitambaa viwili vya kukingia jua vilivyotandazwa njiani, na kujibwaga ardhini. Chan alianguka mwenyewe. Chan amesimulia kwamba siku kadhaa zilipita kabla hajathubutu kuachia, na kwamba tendo lilirudiwa zaidi ya mara moja. Filamu yenyewe inaonyesha anguko hilo mara mbili mfululizo, bila kujali mantiki ya kisa, kana kwamba inamwambia mtazamaji: tazama tena, huu si ujanja wa kamera.

Mtazamaji anayeijua historia ya sinema ataona deni lililokubaliwa waziwazi. Harold Lloyd, mchekeshaji wa Marekani, alining'inia kwenye mshale wa saa katika "Safety Last!" (1923), sinema isiyo na sauti, naye alifanya hivyo baada ya kupoteza vidole viwili vya mkono wa kulia katika mlipuko wa mwaka 1919. Charles Chaplin alimezwa na magurudumu ya mtambo katika "Modern Times" (1936). Katika "Project A Part II" (1987), Chan alirudia pia ule mzaha wa Buster Keaton wa ukuta unaomwangukia mtu na kumwacha mzima, kwa kuwa alisimama mahali pa dirisha lililo wazi, Keaton aliufanya katika "Steamboat Bill, Jr." (1928). Lakini kurudia si kuiga tu. Lloyd alining'inia, hakuanguka. Chan alichukua swali lililoachwa hewani kwa miaka 60, yaani itakuwaje mtu akiachia, na akalijibu kwa mwili wake. Hivyo ndivyo mapokeo yanavyoendelea katika sanaa yoyote: mrithi hukamilisha sentensi ya aliyemtangulia.

Gharama ya jibu hilo haipaswi kupambwa. Miaka michache baadaye, wakati wa kupiga picha za "Armour of God" (1986) huko Yugoslavia, Chan alianguka kutoka mtini na kuvunjika fuvu la kichwa, akakaribia kufa. Desturi yake ya kuonyesha mwishoni mwa filamu vipande vilivyoharibika, ambamo watu wanaumia na kubebwa, imewafanya watazamaji wacheke na kushtuka kwa pamoja. Na katika vipande hivyo anaonekana pia yule ambaye jina lake halijulikani: mwanamume wa kikosi cha hatari anayegonga meza kwa mgongo ili nyota wa filamu ang'ae. "Project A" ilipata tuzo ya upangaji bora wa mapigano katika Tuzo za Filamu za Hong Kong za mwaka 1985, na ni haki kwamba tuzo hiyo ilitajwa kwa jina la kikosi, wala si la mtu mmoja.

6. Koloni nyuma ya mzaha

Filamu ilitoka wakati China na Uingereza zikijadiliana juu ya hatima ya Hong Kong. Majadiliano yalianza 1982, tamko la pamoja likatiwa sahihi mwezi wa Desemba 1984, na koloni likarudishwa kwa China tarehe 1 Julai 1997. "Project A" haiyataji mambo hayo, wala haiwezi kuitwa filamu ya siasa. Hata hivyo, picha yake ya koloni si ya kupuuzwa.

Katika kisa hiki, waliokabidhiwa madaraka hubishana juu ya fedha wakati bahari haina ulinzi. Wahalifu hulindwa na urafiki wao na wakubwa. Mtawala yuko tayari kuwapa maharamia silaha, ambazo kesho zitawaua wavuvi na wasafiri, ili mateka wenye vyeo warudi leo. Anayekataa ni sajenti mwenyeji. Hoja yake haidai uhuru wala kuondoka kwa Mwingereza. Anauliza tu walinzi wapo kwa faida ya nani ikiwa mwizi ndiye anayelipwa. Swali hilo, likitamkwa kwa adabu na askari wa cheo cha chini mbele ya mkubwa wa kizungu, linaeleweka mara moja katika nchi yoyote iliyopitia utawala wa kikoloni, Kongo ikiwemo.

Mipaka ya filamu nayo itajwe. Sajenti anapata alichoomba kwa urahisi unaotia shaka, na mfumo wenyewe unabaki salama baada ya waovu wachache kuondolewa. Aidha, wanawake wamepewa nafasi finyu mno: binti wa ofisa mkubwa yupo ili afukuzwe, aokolewe na kupanda baiskeli ya shujaa. Kicheko cha filamu kinawagusa wenye vyeo, lakini hakigusi desturi hiyo.

7. Familia na wakusanyaji

Kwa familia, filamu inafaa zaidi kuliko nyingi za aina yake. Damu ni kidogo, uchi haupo, na ukatili hauonyeshwi kwa kufurahiwa. Rafiki anayedanganya anasamehewa, na adui wa jana anakuwa ndugu. Hata hivyo, mzazi ajue kwamba mapigano ya mwisho ni makali na kwamba mkuu wa maharamia anauawa kwa bomu. Zaidi ya hayo, watoto hupenda kuiga, na mtoto aliyeona mtu akianguka kutoka mnarani na kunyanyuka aelezwe kwamba mtu huyo alifundishwa tangu utoto, na bado aliumia. Maelezo hayo hayaharibu furaha. Yanaifanya kuwa somo.

Kwa wakusanyaji, shauku iko kwenye nakala. Filamu imepitia kanda za video, diski za leza, DVD, kisha Blu-ray, na kila hatua imekuwa na matoleo yanayotofautiana kwa urefu, kwa lugha na hata kwa muziki. Filamu za Hong Kong za wakati huo zilipigwa kwa kawaida bila ya kurekodi sauti papo hapo. Sauti ilitiwa baadaye studioni, kwa Kikantoni na kwa Kimandarini, na mara nyingi mtu anayesikika si yule anayeonekana. Baadaye walikuja watu wa Kiingereza na wa lugha nyingine, wakatia sauti zao na wakati mwingine wakabadilisha majina na mizaha. Katika toleo la Kiingereza la "Drunken Master", kwa mfano, Wong Fei-hung, mtu wa historia anayeheshimiwa sana kusini mwa China, aligeuzwa kuwa "Freddie Wong".

Kwa hiyo swali la mkusanyaji, "nakala ya asili ni ipi?", linafanana na swali la mhariri wa tenzi mbele ya miswada mingi inayohitilafiana. Jibu la haraka, kwamba ya asili ni ile iliyosemwa na mchezaji mwenyewe, halifai, maana huenda mchezaji hakuisema. Wakusanyaji wengi wanaipendelea sauti ya Kikantoni kwa sababu nyingine iliyo bora zaidi: ndiyo iliyosikiwa na watu wa Hong Kong katika majumba ya sinema 1983, na ndiyo lugha ambayo mizaha ilitungwa kwayo. Wale ambao hudharauliwa kwa kujaza rafu zao kanda za zamani wamefanya kazi ya watunza nyaraka. Studio zilipokuwa zikikata na kutupa, baadhi ya vipande na sauti vilisalia kwa kuwa mtu fulani aliikataa nakala iliyokatwa.

Ama kuhusu Kiswahili, nacho kina sura yake katika habari hii. Huko Tanzania, katika vibanda vya kuonyeshea video, walitokea wasimulizi wanaozifasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili mbele ya watazamaji au kwa kutia sauti yao juu ya kanda. Mashuhuri kati ya waanzilishi wake ni Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Msimulizi wa aina hiyo hatafsiri neno kwa neno. Anafafanua, anaongeza methali, anawapa wahusika majina ya mtaani, anatoa maonyo, anacheka mwenyewe. Anayemhukumu kwa kipimo cha tafsiri sahihi atamkuta na makosa mengi. Anayemtazama kama mtambaji wa hadithi atamkuta akifanya kazi inayotambulikana tangu zamani. Filamu ya Jackie Chan inampa nafasi pana kuliko nyingine, kwa kuwa mwili wa mchezaji umekwisha kueleza kisa, na ulimi wa msimulizi una uhuru wa kukichezea.

8. Hitimisho

Imeonekana kwamba "Project A", pamoja na wepesi wake wote, imebeba mizigo minne: sanaa ya jukwaa iliyopoteza jukwaa, utoto wa watu waliolelewa kwa fimbo, lugha ya mji iliyorudi kwenye sinema kwa njia ya kicheko, na kumbukumbu ya koloni lililosimuliwa na mwenyeji. Mzigo hata mmoja haukuwekwa mbele ya mtazamaji kwa maneno makubwa. Yote imefichwa katika baiskeli, ngazi na mshale wa saa.

Mwaka 2016 Jackie Chan alipewa Oscar ya heshima huko Marekani, baada ya miongo mitano ya kazi. Ukumbusho wa namna hiyo huja umechelewa, na huwafikia wachache. Opera ya shule ile haina tena wanafunzi wanaolelewa kwa namna ile, na hilo kwa watoto ni heri. Lakini ujuzi uliokuwa katika miili ya kizazi hicho hauwezi kuandikwa wote kitabuni, na sehemu kubwa yake imehifadhiwa katika filamu tu. Kwa sababu hiyo, anayeitupa nakala nzima ya filamu ya vichekesho kwa kudhani kwamba ni mchezo tu anatupa waraka ambao hauna nakala nyingine.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, kazi iliyo karibu zaidi iko wazi. Usimulizi wa Kiswahili uliotiwa juu ya filamu hizi ni fasihi simulizi ya mjini, na sehemu yake kubwa iko katika kanda zinazochakaa au ilikuwa ya mdomo tu na haikurekodiwa. Inafaa kukusanywa, kunukuliwa na kuchambuliwa pamoja na ngano na tenzi, mapema, wakati wapo bado wanaokumbuka nani alisema nini, na watu walicheka mahali gani.